Arthur Lewis na Swali la Bei ya Kahawa

Kibarua wa miwa wa visiwa vya Karibiani, katikati ya karne ya 20, hakuwa mtu wa kilimo cha kizamani. Wataalamu walikuwa wamemzalishia mbegu bora, viwanda vya kukamulia vilikuwa vimefungwa mitambo mipya, na kwa hesabu aliyoitoa mchumi Arthur Lewis mwaka 1954, mavuno ya sukari kwa ekari yalikuwa yameongezeka karibu mara tatu ndani ya miaka 75. Ngano haikukaribia kasi hiyo. Hata hivyo kibarua wa miwa alikwenda shamba peku na kulala kibandani, huku mkulima wa ngano akiishi maisha ambayo wafanyakazi wengi duniani waliyatamani. Kama tija ilipanda kiasi hicho, faida yake ilikwenda wapi?

Swali hilo Lewis hakulipata vitabuni. Alizaliwa tarehe 23 Januari 1915 mjini Castries, katika kisiwa cha Saint Lucia, koloni dogo la Uingereza lililoishi kwa miwa. Baba na mama yake walikuwa walimu waliohamia huko kutoka Antigua. Alipokuwa na miaka saba aliugua, akakaa nyumbani majuma kadhaa, na baba yake akaamua kumfundisha mwenyewe ili asiachwe nyuma na wenzake. Katika miezi mitatu mtoto akajifunza yale ambayo shule ingemfundisha kwa miaka miwili, akarudi na kurushwa kutoka darasa la nne hadi la sita. Mwaka huohuo baba alimpeleka kwenye mkutano wa chama cha wafuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa haki za Weusi, kisiwani hapo, na Lewis aliwahi kusema kwamba uchungu wake dhidi ya ukoloni ulianzia utotoni namna hiyo. Kisha baba akafariki. Mama, Ida, akabaki na wavulana watano wa kulea, mdogo akiwa na miaka mitano na mkubwa kumi na saba, na aliwalea wote wakafanikiwa. Lewis alimtaja mama huyo kuwa mtu mwenye nidhamu na bidii kuliko wote aliopata kuwajua.

Akiwa na miaka 14 alikuwa amemaliza masomo yote yaliyokuwapo, lakini umri haukumruhusu kufanya mtihani wa kugombea nafasi ya kusoma Uingereza kwa gharama ya serikali. Akaajiriwa ukarani serikalini. Huko alijifunza kupiga taipu, kupanga mafaili na kuandika barua zinazoeleweka. Na nadhani anayesoma maandishi yake ya baadaye anauona ukarani ule, kwa maana sentensi zake hazina pambo wala kona. Mwaka 1932 alifanya mtihani, akashinda. Alitaka uhandisi. Lakini serikali ya kikoloni haikuajiri mhandisi Mweusi, na makampuni ya Wazungu vilevile. Ndiyo maana vijana Weusi wa visiwa hivyo walikimbilia sheria na udaktari, kazi ambazo mtu aliweza kujitegemea bila kuajiriwa na Mzungu. Lewis hakuzitaka. Akachagua shahada ya biashara katika London School of Economics, akitegemea kurudi nyumbani kufanya kazi katika halmashauri ya mji au katika biashara. Alipofika London mwaka 1933 hakuwa anajua uchumi ni somo la namna gani.

Mwaka 1937 alimaliza akiwa na daraja la kwanza, chuo kikamlipia masomo ya udaktari wa falsafa, na mwaka 1938 kikataka kumpa kazi ya kufundisha. Kamati ya ajira ilikuwa na kauli moja. Hata hivyo mkurugenzi, ambaye kwa kawaida hakuhitaji kibali cha bodi kwa ajira ya ngazi hiyo, aliona awaandikie kwanza magavana wa chuo kuwaarifu kwamba kijana huyo ni Mweusi na kwamba huenda maneno yakatokea. Walikubali. Lewis akawa mhadhiri wa kwanza Mweusi wa chuo hicho, na mwaka 1948, akiwa na miaka 33, akawa profesa kamili katika Chuo Kikuu cha Manchester. Hakuna Mweusi aliyewahi kushika nafasi hiyo Uingereza kabla yake. Katika miaka hiyo alinyimwa nyumba za kupanga, na kazi alizopendekezewa zikampita kwa sababu ya rangi. Manchester alisaidia pia kuanzisha kituo cha masomo ya jioni na ushauri kwa wahamiaji kutoka Karibiani na Afrika, mtaa wa Moss Side, ambako watu wake walikuwa wakikutana na milango ileile iliyofungwa.

Uchumi wake haukuwahi kuwa wa darasani tu. Kati ya 1934 na 1938 migomo na ghasia za wafanyakazi zilipita kisiwa hadi kisiwa katika Karibiani, na mwaka 1939 Lewis alitoa kijitabu kuhusu vyama vya wafanyakazi vilivyozaliwa humo. Wakati wa vita aliwekwa kuwa katibu wa kamati ya ushauri wa uchumi ya Wizara ya Makoloni. Alijiuzulu mwaka 1944, alipoona maofisa hawako tayari kujadili sera zenye uzito.

Ndipo tunafika Bangkok. Kwa miaka mingi Lewis alikuwa akisumbuliwa na mafumbo mawili. La kwanza lilikuwa la bei: kwa nini chuma cha pua kinauzwa ghali na kahawa rahisi? Vitabu vilisema bei hutokana na mahitaji na ugavi, au na matamanio ya mnunuzi, na majibu hayo hayakumtosheleza. La pili lilikuwa la historia: katika miaka hamsini ya mwanzo ya mapinduzi ya viwanda Uingereza, faida na akiba ziliongezeka sana, ilhali mishahara halisi ya wafanyakazi ilibaki karibu palepale. Siku moja ya Agosti 1952, akitembea barabarani Bangkok, aliona ghafla kwamba mafumbo yote mawili yana jibu moja. Wachumi wa zama zake waliichukulia nguvu kazi ya nchi kama kitu chenye kikomo, ambacho mwajiri mmoja hawezi kukiongeza bila kumpokonya mwingine. Katika nchi nyingi maskini, alisema Lewis, hali si hiyo. Wapo watu tele.

Miaka miwili baadaye alichapisha hoja hiyo katika makala ya jarida la The Manchester School. Ni ndefu, ina hesabu chache, na mtu mwenye subira anaweza kuisoma bila kuwa mchumi. Chukua familia yenye shamba la chakula. Vijana wawili wakiondoka, ndugu waliobaki watalima lilelile, na mavuno hayatapungua sana. Aliyeondoka hakuwa akila mshahara, alikuwa akila fungu lake katika chungu cha wote. Basi mwenye kiwanda, mgodi au shamba kubwa akitaka kibarua hana haja ya kumlipa kulingana na kile kibarua anachozalisha. Inatosha amlipe zaidi kidogo ya fungu aliloliacha nyumbani, kiasi cha asilimia 30 hivi kwa kadirio la Lewis, kufidia usumbufu na gharama za mjini. Maadamu nyumbani bado wapo wengine wanaosubiri, mshahara huo hautapanda, hata mitambo ikibadilishwa na uzalishaji ukaongezeka maradufu. Nyongeza yote inakuwa faida ya mwajiri. Mwajiri akiirudisha faida hiyo katika kazi, ajira zinaongezeka, na nchi iliyokuwa ikiweka akiba asilimia 4 au 5 ya pato lake inaweza kufikia 12 hadi 15. Lewis aliona hapo ndipo maendeleo yanapoanzia. Siku watu wa ziada watakapokwisha vijijini, waajiri watagombania vibarua na mishahara itaanza kupanda.

Sehemu hiyo ya nadharia ndiyo iliyopata umaarufu, ikafundishwa vyuoni kote, na kuwapa watawala wengi sababu ya kupenda viwanda. Sehemu ya pili ya makala, inayohusu biashara ya dunia, ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa nchi za kahawa, chai, mkonge na karafuu, na inasikitisha kwamba husomwa kidogo. Kama mshahara wa kibarua wa zao la kuuza nje unafuata fungu la chakula aliloliacha nyumbani, basi hata zao hilo likiboreshwa kwa kila namna, mshahara haubadiliki. Gharama ya kuzalisha inashuka, ushindani unashusha bei, na anayefaidi ni mnywaji wa kahawa aliye mbali. Mfanyakazi wa chuma wa Ulaya analipwa vizuri si kwa sababu chuma kina thamani ya peke yake, ila kwa sababu asipolipwa vizuri atarudi kulima, na kilimo cha chakula cha kwao kinalipa. Baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka 1978, Lewis aliweka takwimu: karibu na mwaka 1900 ekari ya ngano Uingereza ilitoa pauni 1,600 za nafaka, na ekari ya nchi za joto pauni 700. Kwa kuwa mkulima wa Ulaya alikuwa na zana bora na alilima eneo kubwa zaidi, tofauti kwa kila mtu ilifika mara sita au saba. Pengo la bei kati ya kahawa na chuma lilitoka hapo, katika mahindi, mihogo, mtama na ngano.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyasema. Linabadilisha mahali pa kutazama. Mtu anayetaka mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au wa Kirinyaga apate bei nzuri huanza kwa kulaumu mnada, dalali na mwenye kukaanga kahawa Ulaya, na lawama hizo zina haki yake. Lewis anamwambia atazame pia shamba la mahindi la jirani ambaye hana kahawa kabisa.

Aliona vilevile kwa nini shamba hilo lilibaki duni. Hakuwalaumu wakulima. Aliandika waziwazi kwamba kila dola la kikoloni katika Afrika lilidhoofisha uchumi wa wenyeji kwa makusudi: kwa kuwanyang'anya ardhi, kwa kazi za lazima, au kwa kodi zilizowasukuma watu kwenda kwa mwajiri. Wenye mashamba makubwa hawakutaka mkulima mdogo afundishwe mbinu mpya, kwa sababu mkulima anayeshiba kwake ni kibarua ghali. Hatuhitaji kutafuta mifano mbali. Kenya ilikuwa na kodi ya kibanda, kipande shingoni, na ardhi ya juu iliyotengwa kwa walowezi. Tanganyika, iliyoongoza duniani kwa mkonge katika miaka ya 1950, iliujenga utajiri huo kwa manamba walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Walitolewa hasa katika sehemu ambazo hazikupewa zao la biashara wala barabara ya maana. Aliyekuwa na kahawa yake Moshi au Bukoba hakwenda kukata mkonge Tanga. Hesabu ya Lewis ingetabiri hivyo hivyo.

Gold Coast, yaani Ghana ya leo, ilimwita mwaka 1952 aishauri kuhusu viwanda, na ripoti yake ikachapishwa 1953. Serikali ya Kwame Nkrumah ilitarajia orodha ya viwanda. Lewis aliwaambia waanze na chakula. Fedha mpya ziende kwanza kwa mabwana shamba na utafiti, ili kila anayelima chakula azalishe zaidi. Pili ziende kwenye huduma za umma kama maji, umeme na barabara. Viwanda, isipokuwa vichache vilivyokuwa na mwelekeo mzuri, vingoje. Sababu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Kiwanda kinahitaji wateja, na wateja wengi wa nchi ile walikuwa wakulima. Kiwanda kinahitaji pia wafanyakazi wanaokula. Chakula kisipoongezeka, bei itapanda mjini, mishahara italazimika kuifuata, na faida itakwisha kabla kiwanda hakijasimama.

Ni haki kukumbuka kwamba mtu huyohuyo, mwaka 1950, alikuwa ameandika kwamba visiwa vya Karibiani vya Uingereza vijenge viwanda haraka, hata kwa kuwaalika wenye mitaji wa nje kama Puerto Rico ilivyofanya. Wakosoaji wake wa Karibiani walimshambulia kwa hilo kwa miaka mingi. Lakini hakujipinga. Visiwa vile vilijaa watu na ardhi ilikuwa imekwisha. Gold Coast ilikuwa na ardhi. Lewis alikataa kutoa dawa moja kwa kila mgonjwa, jambo ambalo washauri wengi waliomfuata hawakulijali.

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, na kabla mwaka huo haujakwisha Lewis alikuwa Accra kama mshauri mkuu wa uchumi wa Nkrumah, kwa mpango wa Umoja wa Mataifa. Alikuja kwa moyo. Taifa huru la Waafrika Weusi lilikuwa ndoto ya utoto wake. Ila walitofautiana mapema. Bodi ya kakao ilikuwa ikimlipa mkulima chini ya bei ya dunia na kuipa serikali kilichobaki, na serikali ilikuwa na hamu ya kukitumia katika majengo na miradi ya kuonyesha hadhi ya taifa jipya. Lewis alipinga miradi isiyozalisha, akapinga siasa kuingizwa katika uamuzi wa wapi fedha ziende. Nkrumah alimjibu kwa heshima kwamba ushauri ule ni sahihi kwa macho ya uchumi, lakini yeye ni mwanasiasa, na lazima aibahatishe kesho. Mwisho wa 1958, kabla ya muda wake kutimia, Lewis aliondoka.

Nimesoma watu wanaomfanya Nkrumah mpumbavu katika kisa hiki. Siwezi kuwaunga mkono. Kiongozi aliyeahidi watu wake hospitali, shule na bwawa la Volta hakuwa na miaka ishirini ya kungoja mihogo iongezeke. Lakini bei ya kakao ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1960, Ghana ilikuwa na madeni, uhaba wa bidhaa na chakula ghali mjini, na mkulima aliyekamuliwa hakuwa na nguvu ya kuibeba nchi. Februari 1966 jeshi likampindua Nkrumah.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Lewis alitoa kitabu kidogo kuhusu siasa za Afrika Magharibi. Alipinga chama kimoja kwa ukali uliowashangaza rafiki zake. Katika nchi yenye makabila na dini nyingi, alisema, mshindi kuchukua vyote ni njia ya kuwafanya walioshindwa wasione nchi kuwa yao. Afadhali kura za uwiano, serikali ya mseto na mamlaka zaidi mikoani. Mwaka huohuo, 1965, Tanzania iliweka chama kimoja katika sheria. Mwanazuoni Arend Lijphart, aliyepata sifa kwa nadharia ya kugawana madaraka, alikiri kwamba Lewis alimtangulia.

Kazi nyingine nitazipita upesi. Aliongoza chuo kikuu cha Karibiani, tawi la Chuo Kikuu cha London kama Makerere ilivyokuwa, hadi kikasimama chenyewe mwaka 1962 naye akawa makamu mkuu wake wa kwanza. Mwaka 1963 alipewa cheo cha Sir na kuhamia Princeton, Marekani, alikofundisha miaka 20. Kati ya 1970 na 1973 alikuwa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibiani. Alifariki Barbados tarehe 15 Juni 1991, akazikwa Saint Lucia.

Tuzo ya Nobel ya uchumi ilimfikia mwaka 1979, miezi michache baada ya kisiwa chake kupata uhuru. Aligawana na Theodore Schultz wa Chicago, na kugawana huko kulikuwa na maana, kwa sababu Schultz ndiye aliyemkosoa kwa nguvu zaidi. Schultz alichukua homa kubwa ya mafua ya 1918 na 1919 nchini India, iliyoua mamilioni ya watu vijijini, akaonyesha kwamba eneo lililolimwa lilipungua. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa ziada shambani: ukimwondoa mkulima, mazao yanapungua. Lewis alijibu kwamba hoja yake haikuhitaji mtu asiyezalisha kitu kabisa. Ilihitaji tu kwamba kwa mshahara uliopo, wanaotaka kazi wawe wengi kuliko kazi. Ubishi huo haujaisha. Lakini wote wawili walikubaliana kwamba umaskini wa nchi za joto huanzia katika kilimo kilichonyimwa elimu, utafiti na fedha.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulikuja kutoka China, na Lewis hakuishi kuuona wote. Mageuzi yaliyoanza mwaka 1978 yaligusa mashamba kwanza: familia zilipewa vipande vyao na ruhusa ya kuuza ziada, na mavuno ya nafaka yakapanda haraka. Ndipo mamia ya mamilioni ya vijana wakashuka kwenye viwanda vya pwani kwa mishahara midogo, kama makala ya 1954 ilivyoeleza. Mwaka 2004 waajiri wa Guangdong walianza kulalamika kwamba vibarua hawapatikani. Wachumi wa China wakaanza kubishana iwapo nchi imefika mahali ambapo watu wa ziada wanakwisha, na mahali hapo walipaita kwa jina la Lewis. Katika miaka iliyofuata mishahara ya viwandani ilipanda mwaka hadi mwaka, na baadhi ya wenye viwanda vya nguo na viatu wakaanza kutafuta nchi ambazo vijana wa vijijini bado ni wengi, Ethiopia ikiwa mojawapo.